Kwenu ni fasi gani?

Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kwa jina la kikundi cha mapokezi



Sisi ni wale wa mapokezi. Mtu akirudi kutoka masomoni, akishuka ku ndege pale Luano ao akivuka Kasumbalesa na mabegi yake, ni sisi tunamtafutia fasi ya kulala siku za kwanza, tunamuonyesha ofisi za kupeleka diploma, tunamwandika kwenye daftari. Maneno haya tuliyaandika watu watano, usiku mbili, na usiku wa pili umeme ulikatika. Mkiona fasi imeandikwa kwa haraka, njo ile ya mshumaa.

Kamati ilituomba tuseme namna gani mtu anayeenda kusoma mbali anakuja kuupenda muji wake. Ni kazi tamu, tungeweza kuwasifia bukari na sombe mpaka saa ya chakula. Lakini leo kwenye mpango wa mkutano kuna pendekezo, na sisi tunaona mambo hayo mawili ni jambo moja. Pendekezo linasema: sanduku la kilio, ambalo tangu mwanzo ni moja, ligawanywe kufuatana na mstari wa "asili" ulio kwenye karatasi ya uanachama. Wa Kasai wawe na lao, wa Tanganyika lao, wa Lualaba lao, wa Haut-Katanga lao, "kusudi kila watu wajizike wenyewe". Sisi hatukubali. Na sababu zetu tulizipata huko tulikoenda kusoma.

Tuanze na wazee wetu. Kati ya 1971 na 1981, inchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja cha serikali, UNAZA, na masomo yaligawanywa kati ya miji mitatu. Udaktari na sheria vilikuwa Kinshasa. Fasihi na sayansi za jamii zilikuwa hapa. Ualimu ulipelekwa Kisangani. Kwa hiyo mtoto wa Katuba aliyetaka kuwa daktari alipanda ndege kwenda Kinshasa, na mtoto wa Kinshasa aliyetaka sosiolojia akaletwa Kasapa, kwenye baridi ya mwezi wa sita ambayo hakuna mtu alimwambia ipo. Wazee wetu wengine wanacheka mpaka leo wakikumbuka namna wageni wale walivyotetemeka.

Mmoja wa wazee hao alizaliwa Kamalondo. Baba yake alitoka Kabinda, mama yake alitoka Kasenga. Pale lupango kwao majirani walisema "wale Basonge". Kwa wajomba zake, upande wa mama, alikuwa mtoto wa watu wa mbali. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kuona Kabinda hata siku moja. Akafika Kinshasa. Anafungua kinywa sokoni, anasema aksanti, na yule mama muuzaji anamgeukia mwenzake: "Oyo moto ya Lubumbashi." Huyu ni mtu wa Lubumbashi. Hakuna aliyeuliza Kabinda. Hakuna aliyeuliza Kasenga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu alimpa muji wake kuwa jina, na aliyempa ni mama mmoja wa Kinshasa asiyemjua.

Sisi wengine, wa nyuma, tuliondoka kwa njia zingine. Wengi Zambia, Ndola na Lusaka, wengi Afrika Kusini, wachache Ubelgiji, na katika miaka hii India na China. Lakini hadithi ilikuwa ileile. Tulitoka hapa tukiwa Baluba, Babemba, Basanga, Balunda, Batabwa, Bahemba. Tulifika huko tukawa ba Lubumbashi.

Huko Johannesburg tulikutana na jambo lingine. Tulikutana na Watanzania na Wakenya, tukafurahi, tukasema sasa tutaongea. Tukaongea. Wakacheka. "Hicho si Kiswahili." Sisi tunasema njo, wao wanasema ndiyo. Sisi bukari, wao ugali. Sisi robine, wao bomba. Tunasema ba mama, na wao wanauliza hao ba wametoka wapi. Kuna wadogo wetu waliojifunza haraka kuongea kama mtu wa Dar es Salaam, na hatuwalaumu, kuna kazi inayotaka hivyo. Lakini kucheka kule kulitupeleka maktaba, na maktaba ilitufundisha jambo ambalo hapa nyumbani hakuna shule iliyotuambia.

Reli ya kutoka kusini ilifika hapa mwaka wa 1910, mwaka uleule muji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na Kibemba chao. Kiisha wakaja wa Kasai, wa Lomami, wa Maniema, na tangu miaka ya 1920 Union Minière ikaleta wengine mpaka kutoka Ruanda-Urundi. Katika kambi za wafanyakazi Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Kilikuwa lugha ya mama ya watu wachache sana kati yao, kama walikuwapo. Wazee walikiokota kazini, wakakichanganya na walichotoka nacho: finkubala ni neno la Kibemba, robine na minervali ni Kifaransa. Halafu wakazaa watoto, na watoto wale wakacheza kwa lugha hiyo pale nje, wakagombana kwayo, wakaota ndoto kwayo. Leo ni lugha ya mama ya watu wengi wa muji huu.

Fikirini maana yake. Hakuna kabila hata moja kati ya makabila yetu linaloweza kusimama na kusema Kiswahili hiki ni changu, ninyi mmekikopa. Wote tumekikopa. Njo kitu cha kwanza ambacho muji huu ulitengeneza wenyewe, kabla ya timu ya mpira na kabla ya nyimbo. Shaba ilikuwa ardhini tayari. Lugha hii haikuwepo.

Na kuna kitabu. Mwaka wa 1965 chama cha wazee waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, wale mnaowaita ba boi, walitengeneza historia ya muji kwa Kiswahili hikihiki cha kwetu. Aliyeiandika anaitwa André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni maneno yetu, na wakati, miaka mingi baadaye, mtaalamu Johannes Fabian alipoitoa tena pamoja na tafsiri, watu wa vyuo vikuu vya mbali wakaanza kuisoma. Wengi wetu tuliiona mara ya kwanza kwenye maktaba za watu wengine. Tunaitaja leo kwa sababu moja: waliotengeneza kitabu kile walikuwa chama kama chetu. Kilichowaunganisha kilikuwa kazi moja na muji mmoja.

Mnajua wenyewe mambo mengine, tutapita haraka. Bukari huko mbali tuliitafuta kwa majina ya watu wengine. Zambia ni nshima, na ile haina shida, mahindi tunayokula hapa mengi yanatoka kwao. Wakifunga mpaka, sisi wote tunajua bei ya mfuko inapanda mpaka wapi. Kinshasa fufu ni nzuri lakini ni muhogo zaidi. Ulaya mtu anapika semolina na kufunga macho. Masuku huko Ulaya hakuna. Sauti ya mama ku simu, akisema anasongea bukari na bitoyo, ilimfanya mwanaume mzima wa miaka ishirini na tano akae chini ku ngazi za homu ya wanafunzi.

Na Mazembe, lazima. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe mbili, Internacional ya Brazil sifuri. Timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu. Walioko Pune waliangalia, walioko Brussels waliangalia, na kesho yake wanafunzi wenzetu ambao hawakujua hata Kongo iko fasi gani walikuwa wanaruka kwa matako darasani kama Kidiaba. Fainali tulifungwa tatu na Inter ya Milan, hiyo tunaijua, msitukumbushe. Siku ile tuliulizwa mara mia: hiyo timu ni ya wapi? Na tulijibu neno moja. Tuna mashahidi kwamba hata ba Lupopo walijibu neno lilelile.

Lakini hatukuja hapa kudanganya. Anayerudi anakuta muji ulivyo. Anakuta umeme unaokuja usiku wa manane na mama anaamka kupiga pasi. Anakuta robine ya maji kavu na watoto wenye bidon njiani. Anakuta vumbi jekundu, na moshi wa viwanda unaoshika koo jioni fulani. Anakuta miti imeisha mbali sana na barabara, juu ya makala. Anakuta baba hana kazi tena, na diploma ya mtoto ambayo ilimaliza nyumba mbili za kupangisha inakaa ndani ya bahasha. Kwenye kikundi chetu tunawaona watu hao wiki ya pili, wiki ya tatu. Wengine wanarudi walikotoka. Kumpenda mtu haina maana humuoni vidonda.

Watu wawili wa hapa wametusaidia kuona vizuri, na wote wawili wanaangalia kutoka mbali na kutoka karibu. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya picha zake za viwanda vilivyobaki mifupa. Fiston Mwanza Mujila, wa 1981, anaishi Graz, Austria, na kitabu chake Tram 83 cha 2014 kimejaa stesheni, wachimbaji, wanafunzi na kelele, na mtu wa hapa akikisoma haitaji kuambiwa ni wapi. Hawakuusifu muji, waliuangalia.

Sasa turudi kwenye sanduku.

Vyama vya kusaidiana ni vya zamani hapa kuliko sisi sote. Wazee walipofika kambini bila ndugu, waliunda vyama vya watu wa kwao, na kazi kubwa ilikuwa hiihii ya kwetu: kumpokea anayefika na kumzika anayekufa. Kazi nzuri. Hatusemi vibaya juu yao. Lakini tuangalie vyama vile vilikwenda wapi. Desemba 1957 kulikuwa na uchaguzi wa kwanza wa komine. Watu wenye asili ya nje ya Katanga walishinda viti vya mabugumesta. Mwaka uliofuata vyama vya watu wa asili ya Katanga viliungana, wakaanzisha Conakat. Baluba wa Kasai nao walikuwa tayari na shirikisho lao. Masanduku ya kilio yakawa vyama vya siasa, mbio sana, juu orodha zilikuwa tayari: nani ni wa wapi, anakaa lupango gani. Mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikuwa wanalala kwenye kambi ya wakimbizi ya Umoja wa Mataifa, hapahapa mjini, kilometa chache kutoka nyumba zao wenyewe.

Tena usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, pale kampusi, wanafunzi walishambuliwa ndani ya homu zao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Walioponoka walisimulia kwamba swali la usiku ule lilikuwa jimbo: wewe ni wa wapi? Wanafunzi. Watu waliokuja kusoma, kama sisi tulivyokwenda.

Na 1992, na 1993. Kuna watu ndani ya chumba hiki waliokuwa watoto stesheni ya Likasi, wakingoja treni juma baada ya juma, na kuna watu ambao mlango wa jirani ulifungwa usiku mmoja na haukufunguliwa tena. Mamia ya maelfu walifukuzwa Katanga kwenda Kasai. "Warudi kwao," ilisemwa. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona Kasai. Wengine walikufa njiani, wakazikwa kando ya reli, bila sanduku la mtu yeyote.

Hatuyasemi haya kumshitaki mtu aliyeleta pendekezo. Tunamjua, ana moyo mzuri, na sababu zake zina uzito. Anasema desturi za kilio si moja: wengine wanalala nje siku tatu, wengine wanasafirisha mwili mpaka kijijini, gharama ni tofauti, na mtu wa gharama ndogo anamlipia mwenye gharama kubwa. Ni kweli. Sisi tunajibu: desturi ni ya jamaa, sanduku ni la chama. Chama kitoe kiasi kimoja kwa kila msiba, jeneza, gari na unga wa siku mbili, na anayetaka kupeleka mwili mbali, jamaa yake waongeze. Tatizo la hesabu tulijibu kwa hesabu.

Kiisha na sisi tuulize yetu. Kuna mwanachama mmoja peke yake anayetoka Kongo-Central. Alikuja Kasapa kusoma, akaoa Ruashi, akaenda Afrika Kusini, akarudi hapa, hakurudi Matadi. Sanduku lake litakuwa na pesa ya mtu mmoja, yeye, na siku ya kulifungua hatakuwepo. Kuna yule dada ambaye baba yake ni Murund na mama yake Muluba wa Kasai: karatasi inaandika baba tu, kwa hiyo kilio cha mama yake, waliokaa naye nyumba moja mpaka mwisho, kinatoka sanduku gani? Tulihesabu kwenye daftari letu la mapokezi, na watu wa namna hiyo si wachache. Njo muji wenyewe ule.

Kijiji cha baba si aibu. Mtu aende, aonyeshe watoto makaburi ya wazee, ajue majina. Kadi ya uchaguzi inaandika asili, ofisi za serikali zinauliza asili, hatuwezi kuzikataza leo. Lakini karatasi ya chama tunaiandika sisi. Hakuna anayetulazimisha kuuliza humu ndani swali ambalo mama wa soko la Kinshasa hakuliuliza.

Kwa hiyo kikundi cha mapokezi kinaomba mkutano mambo haya. Pendekezo la kugawanya sanduku likataliwe. Mstari wa "asili" ufutwe, na fasi yake iandikwe: komine unayokaa, mtaa, mtu wa kuitwa usiku kukiwa na shida, na muji uliokosoma kusudi tumjue nani atawapokea wadogo wanaokwenda huko. Wanaosaidiana kwanza wawe wa komine moja, Kenya kwa Kenya, Kampemba kwa Kampemba, Annexe ambayo ni kubwa sana igawanywe mara mbili, juu kwenye kilio anayefika wa kwanza na kiti na sufuria ni jirani. Na madaftari ya zamani yenye mstari ule yasibaki ovyo ku ofisi. Mweka hazina ayafungie, ao mkutano useme yachomwe. Juu ya hilo sisi watano hatukuelewana, watatu wanasema kuchoma, wawili wanasema kuhifadhi kwa ajili ya historia. Mtatuamulia.

Karatasi mpya, za mfano, ziko mezani karibu na mlango, tumechapisha sitini tu, kwa hiyo msichukue mbili. Wanaosafiri mwezi wa tisa kwenda Ndola na Lusaka wabaki nyuma kidogo baada ya kura, kuna mama mmoja anatafuta mtu wa kumpelekea mtoto wake bitoyo na unga, mfuko si mzito.